Je, Wajua Kwamba Ubongo Hausikii Maumivu?

Daktari wa upasuaji anaweza kulifungua fuvu la mgonjwa na kuugusa ubongo wake huku mgonjwa yuko macho, anazungumza naye. Ganzi hupigwa kwenye ngozi ya kichwa na sehemu zinazolizunguka fuvu, basi. Ubongo wenyewe, ambao ndio unaopokea taarifa za maumivu kutoka mwili mzima, hauna kitu cha kuhisi maumivu yake. Kichwa kinapokuuma, kinachouma ni utando unaoufunika ubongo, au mishipa ya damu, au misuli ya kichwa na shingo.

Wilder Penfield, daktari aliyefanya kazi Montreal, Kanada, aliitumia nafasi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake. Kuanzia miaka ya 1930 aliwapasua watu wenye kifafa kikali, na kabla ya kukata chochote aligusa vipande vidogo vidogo vya ubongo kwa umeme hafifu. Mgonjwa alimweleza anachohisi: kidole gumba kinachezacheza, mdomo unasisimka, mguu unaingia ganzi. Penfield aliandika kila jibu, na kutokana na wagonjwa mamia akachora ramani ya mwili juu ya ubongo. Katika ramani hiyo midomo, ulimi na vidole vimechukua eneo kubwa, na mgongo mzima umepewa kipande kidogo.

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani. Mwombe mtu afumbe macho, kisha mguse ncha ya kidole kwa ncha za kalamu mbili zilizoachana milimita 4 hivi. Atakwambia ameguswa mahali pawili. Sasa mguse mgongoni, na hata ukiziachanisha kalamu kwa sentimita 3, kuna uwezekano mkubwa atasema ni mahali pamoja.

Je, wajua kwamba ubongo ndio mlaji mkubwa mwilini? Wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, na kabla ya kutiwa dawa ya kuuhifadhi ni laini kama parachichi lililoiva sana. Hiyo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni na nishati yake. Akiba yake ni ndogo mno. Damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika 4 hadi 6 seli zake huanza kuharibika pasipo kurudi. Hii ndiyo sababu ya ile haraka ya wakunga mtoto anapozaliwa bila kulia. Dakika hiyo ya kwanza imepewa jina la dakika ya dhahabu, na jina hilo linastahili.

Kuna usemi kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Si kweli. Vipimo vya picha vinaonyesha sehemu zake zote zikifanya kazi kwa nyakati tofauti, hata usingizini.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una seli za neva bilioni 100, na ukiuliza nani alizihesabu hupati jibu. Mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, aliamua kuzihesabu. Pamoja na wenzake alichukua bongo za wanaume 4 waliokwisha kufariki, wakaziyeyusha sehemu kwa sehemu hadi zikawa majimaji yenye viini vya seli vilivyosambaa sawasawa, kisha wakahesabu viini katika matone machache kwa darubini. Matokeo yalitoka mwaka 2009: wastani wa bilioni 86. Lililoshangaza zaidi ni zinakokaa. Karibu bilioni 69 zimo kwenye ubongo mdogo, ule ulioko nyuma ya kichwa juu ya kisogo, na bilioni 16 tu ndizo zilizo kwenye tabaka la juu la ubongo mkubwa, ambalo tunalitumia kusoma, kupanga na kusema.

Kundi hilohilo lilihesabu ubongo wa tembo wa Afrika mwaka 2014 na kupata bilioni 257, mara tatu ya binadamu. Ila zaidi ya asilimia 97 zilikuwa kwenye ubongo mdogo. Huenda mkonga, wenye misuli mingi inayohitaji kuongozwa kwa makini, ndio unaozihitaji seli hizo zote. Ubongo mdogo ndio unaopima na kusawazisha mienendo: kuufikisha mkono kwenye kikombe bila kukiangusha, kupiga hatua bila kuyumba. Pombe huuvuruga mapema, na ndiyo maana mlevi huyumba na ulimi wake ukawa mzito hata pale anapoamini kwamba yu sawa kabisa.

Wamisri wa kale walipokuwa wakiuhifadhi mwili wa mfalme waliutunza moyo kwa heshima, kisha ubongo wakauvuta kwa kulabu kupitia puani na kuutupa. Hata hivyo ni Misri hiyohiyo iliyotuachia maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuuelezea ubongo. Hati ya mafunjo iliyonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Edwin Smith, Mmarekani, iliandikwa kama mwaka 1600 kabla ya Kristo, tena yaonekana imenakiliwa kutoka andiko la zamani zaidi. Inaeleza majeruhi 48, mmoja mmoja. Mganga aliyeitunga alikwisha kuona kwamba mtu aliyeumia kichwa anaweza kukokota mguu au kukosa maneno, ingawa mguu na mdomo havikuguswa.

Miaka zaidi ya 3,000 baadaye, mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Mtu huyu alikuwa amekaa hospitalini miaka 21, alielewa anachoambiwa, lakini kila alipotaka kusema alitoa neno moja tu: "tan". Alifariki siku chache baadaye. Broca alipoufungua ubongo wake alikuta upande wa kushoto, sehemu ya mbele, umeoza kwa ugonjwa. Eneo hilo hadi leo linaitwa kwa jina lake, na kwa watu wengi ndilo linalotengeneza matamshi.

Hapa ndipo panapoeleweka jambo ambalo familia nyingi huliona bila kulijua chanzo chake: mzee aliyepata kiharusi akapooza mkono na mguu wa kulia, mara nyingi hupoteza na usemi. Neva zinazoendesha misuli hukatiza njia sehemu ya chini ya shina la ubongo, zikitoka kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Ubongo wa kushoto huongoza mwili wa kulia, na huko kushoto ndiko ulikokaa usemi. Kupotea kwa usemi hakumaanishi kupotea kwa akili. Mzee huyo huenda anayasikia na kuyaelewa yote yanayosemwa kando ya kitanda chake, na inaniuma kuona watu wakimjadili kana kwamba hayupo.

Kiharusi kikubwa cha mshipa ulioziba, kisipotibiwa, huua seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakakokoteka, saa hiyo si ya kuchua mafuta wala kungoja asubuhi. Ni saa ya kutafuta gari.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kujifunza kazi bila kukumbuka kwamba aliwahi kuifanya? Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ili kupunguza kifafa chake. Daktari alimwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilicho ndani ya ubongo, pande zote mbili. Degedege zilipungua sana, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Alikutana na watafiti walewale kwa miaka mingi, na kila mara alisalimiana nao kama wageni. Brenda Milner, mtafiti kutoka Montreal, alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya kwanza alikosea sana. Kwa siku zilizofuata mkono wake ukazidi kuwa mwepesi, na yeye akishangaa, maana kwa ufahamu wake alikuwa hajaiona kazi hiyo kamwe. Hapo sayansi ikajua kwamba kumbukumbu za matukio na ujuzi wa mikono havihifadhiwi mahali pamoja. Molaison alifariki mwaka 2008, na kwa ridhaa aliyoitoa akiwa hai ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 ili uendelee kuchunguzwa. Sijui mtu mwingine ambaye peke yake ameifundisha dunia mengi hivyo kuhusu kumbukumbu.

Tushuke sasa chini ya kichwa. Kutoka kwenye ubongo hutoka jozi 12 za neva, na kutoka kwenye ugwe mgongo, yaani ule ugwe laini unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo, hutoka jozi 31. Uzi mmoja wa seli moja ya neva unaweza kuanzia kiunoni ukaishia kwenye kidole cha mguu, urefu unaokaribia mita 1, ingawa seli yenyewe haionekani bila darubini.

Nyuzi hizi hazina kasi moja. Zile nene zilizovikwa ala ya mafuta hupeleka habari hadi mita 120 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na ala huenda kama mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Utajua tofauti yake siku utakayojikwaa kidole gumba cha mguu. Kwanza unasikia kishindo na uchungu mkali wa ghafla. Kisha, baada ya sekunde moja au zaidi, ndipo linakuja lile wimbi la maumivu ya kuunguza, linalokaa. Ni kipigo kimoja kilichopanda kwa njia mbili.

Na twiga je? Neva inayoendesha zoloto, kisanduku cha sauti, hutokea kwenye neva kubwa inayoshuka kutoka kichwani. Ile ya kushoto haiendi moja kwa moja. Hushuka hadi kifuani, ikauzunguka mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha ikapanda tena shingoni. Kwa binadamu mzunguko huo ni wa makumi ya sentimita. Kwa twiga ni zaidi ya mita 4, kwa kazi ambayo ingetosha kwa sentimita chache. Daktari anayepasua rovu huitafuta kwanza neva hii, kwa kuwa akiikata sauti ya mgonjwa hukwaruza maisha yake yote.

Turudi kichwani. Ubongo hauugusi mfupa wa fuvu. Unaelea ndani ya maji safi, na kwa kuelea huko uzito wake hupungua hadi kufikia kama gramu 50. Maji hayo huwa kama mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, na yale ya zamani hunyonywa kurudi kwenye damu. Njia ikiziba kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu lake haijashikana, kichwa huvimba. Matibabu ya kawaida ni kuweka mpira mwembamba wa kupeleka maji tumboni, ila mpira huo huweza kuziba au kupata vijidudu, na mtoto anayeishi mbali na hospitali akawa hatarini. Katika hospitali ya CURE iliyofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, daktari Benjamin Warf alikuta watoto wengi wa namna hiyo, wengi wao wakiwa wamepata tatizo baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Akaunganisha mbinu mbili: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kutumia kamera ndogo, na kuunguza sehemu ya kiungo kinachoyatengeneza. Watoto wengi wakapona bila mpira. Mbinu hiyo iliyokomaa Mbale ilikwenda kutumika hadi Marekani, na nadhani habari hiyo haijasimuliwa vya kutosha huku kwetu.

Maji hayohayo ndiyo yanayochukuliwa mgongoni kupima homa ya uti wa mgongo. Wazazi wengi wakisikia neno "kutoboa mgongo" wanachukua mtoto wao na kuondoka, kwa kuwa wameambiwa atapooza au atakufa. Hofu hiyo inaeleweka, maana watoto wengi hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, wakafa kwa ugonjwa wenyewe muda mfupi baada ya kipimo. Tazama maumbile yalivyo. Ugwe mgongo ni mfupi kuliko uti unaoubeba: kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, nao unakoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ndani ya mfereji mna maji, na ndani ya maji zinaning'inia neva nyembamba zinazokwenda miguuni, ambazo sindano ikipita husogea kando.

Simama, weka mikono kiunoni, tafuta kwa vidole ncha za juu za mifupa ya nyonga. Mstari unaoziunganisha ncha hizo mbili mgongoni unapita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Daktari naye huutafuta mstari huo kwa vidole vyake, akachoma juu yake kidogo au chini yake, mahali ambapo ugwe umekwisha kukoma. Kabla ya hapo humpima mgonjwa kuona kama kuna shinikizo kubwa kichwani, hali ambayo humfanya aahirishe. Mgonjwa anaweza kuumwa kichwa siku moja mbili baadaye. Kupooza ni jambo la nadra sana, na homa ya uti wa mgongo isiyotibiwa huua.

Je, wajua kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa hakisafiri kwa damu? Kinaingia kwenye ncha za neva pale mbwa alipouma, kikapanda ndani ya nyuzi za neva, makumi ya milimita kwa siku, hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo aliyeng'atwa usoni yuko hatarini mapema kuliko aliyeng'atwa kifundo cha mguu, na kwa kawaida dalili huchukua miezi 2 au 3 kutokea. Safari hiyo ndefu ndiyo bahati yetu. Kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 huondoa virusi kabla havijaingia kwenye neva, na chanjo inayofuata huuwahi ugonjwa njiani. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Sumu ya pepopunda nayo hupanda kwa njia ya neva, ila yenyewe huzima zile amri zinazoiambia misuli ilegee. Ndipo taya zikakaza na mgongo ukapinda. Bunju, samaki anayejivimbisha ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamjua na kumwogopa, ana sumu inayofanya kinyume chake. Huziba vilango vidogo vya sodiamu kwenye nyuzi za neva, ujumbe ukakatika. Midomo huingia ganzi, mikono ikalegea, mwisho pumzi ikasimama, na muda huo mgonjwa huenda anafahamu kila kitu. Moto wa jikoni hauiharibu sumu hiyo, na haina dawa ya kuiondoa zaidi ya kumsaidia mtu apumue hadi imtoke mwilini.

Kati ya yote yaliyomo humu, ugonjwa wa konzo ndio unaonigusa zaidi, kwa kuwa unatokana na chakula cha maskini. Mtoto analala akiwa mzima, asubuhi anajaribu kusimama na miguu imekakamaa, magoti yamebana, hawezi kutembea ila kwa ncha za vidole. Hakuna homa wala jeraha. Kilichodhurika ni zile neva ndefu za amri zinazotoka tabaka la juu la ubongo kwenda kwenye ugwe mgongo, na hazirudi kuwa kama zamani. Ugonjwa hauendelei kuzidi, lakini ulemavu unabaki. Daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutokana na taarifa za Kwango, Kongo. Nchini Tanzania ulilipuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame.

Chanzo ni muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Mizizi yake ina kemikali inayotoa sayanaidi. Kuuloweka siku 3 au zaidi, au kuukausha taratibu kwa majuma, huiondoa sehemu kubwa. Katika mwaka wa njaa, pale ambapo muhogo ndio zao pekee lililosimama shambani, hatua hizo hufupishwa: mama ana watoto wanaolia leo, hana siku 3. Mwili una njia ya kuivunja sayanaidi, lakini njia hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini za maharage, samaki, nyama na mayai. Mtu anayekula ugali wa muhogo na majani ya muhogo peke yake, siku baada ya siku, hana salfa ya kutosha. Wanaoathirika zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Howard Bradbury, mkemia wa Australia, alitafuta njia isiyohitaji kifaa. Unga wa muhogo unatiwa maji hadi ulowane wote, unatandazwa kwenye mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimita 1, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sayanaidi hutoka hewani, kisha unga unapikwa siku hiyohiyo. Wanawake wa Popokabaka, huko Kwango, walifundishwa jambo hili kuanzia mwaka 2010, na katika kijiji walichoanzia wagonjwa wapya hawakuonekana tena. Ni maji, jua na saa 2. Kila mahali wanapokula muhogo mchungu jambo hili lingepaswa kujulikana kama inavyojulikana kuchemsha maji ya kunywa.

Mbali na magonjwa, kuna ajali. Fuvu ni gumu, ila halina unene mmoja. Pembeni, juu kidogo ya mstari kati ya jicho na sikio, mfupa ni mwembamba, na ndani yake umepita mshipa wa ateri. Abiria wa bodaboda akianguka na kupigwa hapo, mfupa unaweza kupasuka na kuukata mshipa huo. Huzimia kidogo, kisha anaamka, anajifuta vumbi, anasema hajambo, anakwenda nyumbani kunywa chai. Wakati huo damu inajikusanya polepole kati ya mfupa na utando, inausukuma ubongo. Baada ya saa kadhaa kichwa kinamuuma sana, anatapika, anasinzia, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Akifikishwa mapema, daktari hutoboa fuvu na kuitoa damu, na wengi hupona kabisa. Kwa hiyo aliyeanguka na kupoteza fahamu hata kwa dakika moja asiachwe alale peke yake kwa kuwa "ameamka vizuri", na kofia ya kuendeshea ifungwe kidevuni, siyo kuning'inizwa kwenye usukani.

Kubwa la mwisho ni kifafa. Wagiriki waliuita ugonjwa mtakatifu, na kama mwaka 400 kabla ya Kristo mmoja wa waandishi wa kundi la tabibu Hippocrates akawajibu kwamba si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, unatoka kwenye ubongo. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya ngozi ya kichwa, na kwa kipimo hicho watu wakauona ukweli ule kwa macho: wakati wa kifafa kundi la seli za neva linapiga kwa pamoja, kwa nguvu, nje ya mpangilio. Sababu zake zinajulikana nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali, mayai ya minyoo tegu wa nguruwe.

Miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifanya kazi Mahenge, katika milima ya Ulanga, Tanzania, akaanzisha kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa waliotengwa, wanaokula peke yao, wengi wakiwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia kwenye mafiga, na waliokuwepo hawakuthubutu kuwavuta kwa kuamini kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Aliona pia watoto wanaoangusha vichwa mbele tena na tena, jambo ambalo baadaye lilionekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na ambalo sasa linahusishwa na minyoo ya usubi. Kwa vidonge vya bei ndogo wengi wa wagonjwa wake walirudi shambani na shuleni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi.

Ukimwona mtu ameanguka, mate yake hayatakudhuru. Mwondoe karibu na moto, maji na barabara, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimbane mikono. Mtikisiko ukikoma mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa: ukipita dakika 5 bila kukoma, au akianza tena kabla hajazinduka, mpeleke hospitali. Na akizinduka, kaa naye mpaka ajue yuko wapi.